Mizinga ya nyuki na baridi ya kaskazini: dawa, shira au koti?

Kila Septemba wafugaji wapya wa nyuki wa Minnesota na Wisconsin (Marekani) na Ontario (Kanada) huulizana swali lile lile: mzinga niufunike na nini? Karatasi ya lami, koti la sponji, boksi la kadibodi lenye nta, au niuache ulivyo? Swali ni zuri, ila limeruka foleni. Kundi lenye afya na shibe likiona joto limeshuka chini ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi hujikusanya kuwa tonge, likatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, na likamlinda malkia katikati hata kama nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Wanaoua makundi mengi zaidi ni utitiri wa varoa (vidudu vidogo vinavyowaganda nyuki), njaa, na maji yanayodondoka kutoka mfunikoni, nami nimewataja kwa mpangilio wa ukubwa wao. Ndiyo maana naanza na dawa, nafuata chakula, na koti nitalifikia baadaye. Kama mfuko wako mwaka huu unatosha kitu kimoja tu, kisiwe koti.

Aliyekulia karibu na mizinga ya magogo ya Tabora au Kitui ana mambo mawili ya kuweka kando. Nyuki wa kule, ukame ukibana na maua yakiisha, huhama. Wanauacha mzinga, wanafuata maua, na mvua zikirudi huenda kundi jingine likaingia humo humo. Mfugaji hana sababu kubwa ya kuwalisha wala kuwavisha. Nyuki wanaouzwa huku, wengi wao wa asili ya Italia au ya Karniola (Slovenia ya leo), hawana pa kuhamia mwezi Januari. Wanakaa, na kilichomo ndani ya sanduku ndicho kitakachowafikisha Aprili. La pili ni varoa yenyewe. Iligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wa kule kwa sehemu kubwa wameendelea nayo bila dawa yoyote. Ukija na imani hiyo Minneapolis utazika kundi kabla ya Krismasi.

Dawa: ipi, na lini hasa

Nyuki kibarua anayezaliwa Juni huishi wiki tano au sita. Anayezaliwa kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba ni kiumbe tofauti: ana akiba kubwa ya mafuta mwilini, hana majana (watoto wa nyuki) mengi ya kulisha, na anaweza kuishi hadi miezi sita. Huyu ndiye atakayeshika tonge hadi masika. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Samuel Ramsey wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba varoa hula hasa tishu hiyo ya mafuta, tofauti na ilivyoaminika kwa miaka mingi kwamba hunyonya damu tu. Ongeza na virusi inavyosambaza, hasa kile cha mbawa zilizopinda. Nyuki aliyeliwa akiwa bado kwenye kijumba cha sega huonekana mzima mwezi Septemba, halafu hufa Desemba wakati hakuna wa kuchukua nafasi yake.

Agosti ndiyo mwezi mbaya. Malkia anapunguza kutaga, nyuki wanapungua, lakini utitiri unaendelea kuzaana ndani ya vijumba vilivyofunikwa nta, na kwa kuwa majana ni machache, kila jana linapata wageni wengi zaidi. Kwa hiyo dawa inayowekwa Oktoba, hata ikiwa bora namna gani, inawakuta nyuki wa baridi wameshaharibiwa.

Kabla ya kuchagua dawa, pima. Kuna njia mbili za kawaida: kuwatikisa nyuki kwenye sukari ya unga, au kuwaosha kwa spiriti. Zote huanza kwa kuchota nusu kikombe cha nyuki, kama 300, kutoka kwenye fremu (mbao za mstatili zinazobeba sega) yenye majana, baada ya kuhakikisha kwa macho yako kwamba malkia hayupo hapo. Sukari huwaacha hai, nayo inawavutia wenye huruma. Spiriti huwaua wote 300, lakini hesabu yake ni ya kuaminika zaidi, kwani sukari mara nyingi huacha utitiri mwingine umeng'ang'ania. Mimi nasimama na spiriti bila kusita: kundi la Agosti lina nyuki makumi ya maelfu, na 300 ni bei ndogo kwa kujua ukweli. Ukikuta utitiri 9 kwa nyuki 300, yaani 3 kwa kila 100, umeshachelewa kidogo. Tibu wiki hiyo hiyo. Wengi hawasubiri hata ufike hapo, hutibu kwa 2.

Dawa zenyewe ziko nyingi madukani, ila kwa mfugaji wa mizinga miwili mitatu uchaguzi huishia kwenye hizi nne:

| Dawa | Joto la nje | Muda | Hufika chini ya nta? | Asali ya kuvunwa |
|---|---|---|---|---|
| Asidi ya fomiki (vipande) | takriban 10 hadi 29 | wiki 2 kwa aina ya kawaida | Ndiyo | Zipo chapa zinazoruhusiwa masanduku ya asali yakiwa juu |
| Thimoli (jeli) | zaidi ya 15 | wiki 4 hadi 6 | Hapana | Iondoe kwanza, hunyonya harufu |
| Amitrazi (vibanzi vya plastiki) | haibani sana | wiki 6 hadi 8 | Hapana, lakini hukaa muda mrefu | Iondoe kwanza |
| Asidi ya oksaliki (kumimina au mvuke) | hata baridi, juu ya sifuri kidogo | mara moja | Hapana kabisa | Hutumika zaidi baada ya mavuno |

Safu ya "chini ya nta" ndiyo ya kusoma mara mbili. Mwezi Agosti sehemu kubwa ya utitiri imejificha ndani ya vijumba vilivyofunikwa, na asidi ya fomiki pekee kati ya hizi nne ndiyo inayoufuata humo. Ni ya haraka, na haiachi mabaki ya kemikali ngeni kwenye nta. Ubaya wake ni ukali: joto likipanda juu ya kiwango katika siku tatu za mwanzo, malkia anaweza kufa, na wewe mwenyewe usiifungue bila glavu na barakoa ya asidi. Ndiyo dawa ambayo watu hupenda kulalamika juu yake, kisha mwaka unaofuata wakainunua tena.

Thimoli ni ya upole zaidi na hutoka kwenye mafuta ya zaatari, lakini inataka wiki nyingi za joto. Minnesota ukiianza katikati ya Septemba, baridi inaikatisha njiani. Uingereza kusini, ambako Septemba bado ni ya vuguvugu na asali imeshatolewa Agosti, inafaa sana.

Amitrazi ndiyo rahisi kuliko zote: unaning'iniza kibanzi kimoja kwa kila fremu tano zenye nyuki, unaondoka. Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa wa Marekani waliitegemea karibu peke yake, na hapo ndipo ilipoharibikia. Katika baridi ya 2024 kuingia 2025 walipoteza kwa wastani zaidi ya nusu ya makundi yao, na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo walipochunguza utitiri kutoka mizinga iliyoanguka waliukuta na alama za usugu dhidi ya amitrazi. Haina maana kwamba haifanyi kazi popote. Ina maana kwamba ukiitumia, pima tena baada ya kuitoa, na usiirudie mwaka hadi mwaka.

Oksaliki ilisajiliwa Marekani mwaka 2015, na ni rahisi mno kwa bei. Udhaifu wake ni mmoja: haigusi kilicho chini ya nta. Lakini mwisho wa Novemba, malkia wa Minnesota ameacha kutaga na hakuna majana, kwa hiyo utitiri wote uko wazi juu ya miili ya nyuki. Hapo mara moja tu inaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90. Ukiimimina, ni mililita 5 za mchanganyiko wa shira kwa kila upenyo kati ya fremu wenye nyuki, na usizidishe mililita 50 kwa mzinga mmoja. Mvuke una faida ya kutofungua mzinga, ila unadai kifaa chenye umeme na barakoa halisi ya mvuke wa asidi. Ya kitambaa ni sawa na kutovaa. Mwenye mizinga miwili amimine tu. Kifaa cha mvuke kinaanza kujilipa ukiwa na mizinga mingi.

Chaguo langu kwa nchi zenye theluji: fomiki mara tu asali inapotoka, katikati ya Agosti hadi mwanzo wa Septemba siku zikiwa chini ya nyuzi 29, kisha oksaliki mwisho wa Novemba. Kwa vyovyote lebo ya dawa katika nchi yako ndiyo yenye neno la mwisho. Inayouzwa huru Marekani huenda haijaidhinishwa unakoishi.

Chakula: asali yao, shira, au sukari kavu

Kiasi hutegemea mahali, na hapa ndipo ushauri wa kwenye video huwapoteza watu, maana mtoa video wa Georgia, kusini mwa Marekani, anamfundisha mtu wa Duluth, Minnesota. Kwa Minnesota na Manitoba (Kanada), lenga kilo 35 hadi 45 za akiba. Uingereza, kama kilo 20. Kusini mwa Marekani, kilo 15 na zaidi kidogo hutosha mara nyingi. Fremu kubwa iliyojaa asali pande zote mbili ina kilo 2.5 hadi 3, kwa hiyo mtu wa Minneapolis anahitaji fremu 14 au 15 zilizojaa. Huna haja ya kuzihesabu moja moja. Chukua ile mizani ya mkononi ya kupimia masanduku kabla ya kwenda uwanja wa ndege, inua mzinga upande mmoja hadi uachane na kibao, soma, inua upande wa pili, soma, jumlisha. Toa uzito wa masanduku matupu. Rudia mwanzoni mwa kila mwezi na utaona kwa namba jinsi akiba inavyoliwa: polepole hadi Januari, kisha kasi Februari na Machi malkia anapoanza kutaga tena na majana kudai joto la nyuzi 33 na zaidi. Makundi mengi ya njaa hufa Machi, wakati mwenyewe ameshaanza kupumua.

Kuwaachia asali yao ndiyo njia isiyo na kazi. Ina virutubisho ambavyo sukari haina, iko tayari kwenye masega, imefunikwa nta. Inachogharimu ni ile chupa ambayo ungeiuza. Kilo ya asali ya mtaani huku huuzwa mara kadhaa ya kilo ya sukari, na hapo ndipo wengi huvuna yote na kurudisha shira. Sikubaliani nao kikamilifu, ila siwezi kusema shira ni mbaya. Sukari nyeupe ina mabaki machache ya kumeng'enya kuliko asali nyeusi, na nyuki waliofungiwa miezi bila siku ya kutoka kujisaidia huvumilia vizuri zaidi. Msimamo wangu ni wa kati: sanduku la juu na sehemu ya la chini viwe vya asali yao, upungufu ujazwe na shira.

Shira ya vuli ni nzito: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, kinyume na ile nyepesi ya masika ya kilo 1 kwa lita 1. Kupata kilo 10 za akiba unahitaji kilo 8 hadi 9 za sukari. Wape mapema, Septemba, na Minnesota ukomeshe ifikapo katikati ya Oktoba. Mchana ukiwa chini ya nyuzi 10 hawaichukui tena ipasavyo, na hata wakiichukua hawawezi kuikausha na kuifunika. Shira isiyofunikwa ni unyevu ulioingiza mwenyewe. Usitumie sukari ya kahawia, wala sukari guru hata kama umeletewa nzuri kutoka nyumbani, huwaharisha. Na asali ya dukani usiwape, hata ikiwa ya bei ya chini. Inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa majana kuoza, ambavyo huishi miongo kadhaa kwenye vifaa.

Ukichelewa, zimebaki sukari kavu na fondanti (donge laini la sukari). Sukari kavu: tandaza gazeti moja juu ya fremu, acha upenyo pembeni, mwaga kilo 2 au 3 za sukari nyeupe, inyunyizie maji kidogo ishikane. Ina faida ya pembeni: hunyonya unyevu wa juu. Fondanti hufanya kazi ile ile kwa bei kubwa zaidi, lakini nyuki huila kwa urahisi zaidi, na unaweza kuiweka Februari kwa sekunde chache bila kumwaga chembe. Zote mbili ni za dharura au bima. Mtu anayeingia Novemba na mzinga mwepesi akitegemea fondanti pekee anabahatisha.

Koti, mfuniko na maji

Kila kilo ya asali inayoliwa hutoa karibu theluthi mbili ya kilo ya maji, sehemu ikiwa ni maji yaliyomo kwenye asali na sehemu inayozaliwa mwilini sukari inapochomwa. Kundi likila kilo 30 kati ya Novemba na Aprili, ni lita 20 hivi za mvuke ndani ya sanduku la mbao. Mvuke hupanda, ukikuta mfuniko wa baridi unageuka matone, na matone yanarudi chini vilevile kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Nyuki mkavu hustahimili baridi kali. Aliyelowa hafiki asubuhi. Kwa hiyo juu ndiko kwa kuwekeza kwanza, kuta baadaye.

Mafundi wamegawanyika kambi mbili. Ya kwanza hutoa hewa juu: tundu dogo karibu na mfuniko, na juu ya fremu sanduku fupi lenye kitambaa na maranda ya mbao yanayonyonya unyevu. Ya pili huziba juu kabisa, huweka povu gumu la sentimita 5 au zaidi, na kuacha mlango mdogo wa chini tu. Mfuniko ukiwa na joto, maji hugandia kwenye kuta za pembeni, na nyuki huyanywa. Kambi hii ya pili ilipata nguvu mwaka 2023, Derek Mitchell wa Chuo Kikuu cha Leeds alipochapisha hoja kwamba tonge si blanketi la asili kama tulivyozoea kusema, ni dalili ya nyuki walio kwenye shida ya baridi, na kwamba masanduku yetu membamba ndiyo yanayowatesa. Wafugaji wengi wa kaskazini hawakuipokea vizuri. Lakini jambo moja ndani yake ni gumu kukataa: ubao wa mzinga wa kawaida una unene wa sentimita 2 hivi, wakati pango la mti ambamo nyuki huyu alizoea kuishi lina kuta nene mara kadhaa ya hizo. Gogo la muyombo la Tabora, kwa unene, liko karibu zaidi na pango hilo kuliko sanduku lolote la dukani.

Kambi zote mbili hufaulu. Anayefeli ni yule anayechanganya: tundu kubwa la juu, mfuniko mwembamba, hakuna cha kunyonya. Joto linatoka na maji yanabaki. Kama masanduku yako ni ya mbao na yana mianya, nenda na maranda au na povu la juu pamoja na tundu dogo la kipenyo cha kidole kwenye sanduku la juu. Tundu hilo litakuwa pia mlango wa dharura theluji ikifunika ule wa chini. Kama mzinga ni wa povu gumu, kama inayotumika sana Finland, Denmark na Ujerumani, basi ziba juu na uache hewa ipite chini tu.

Sasa koti lenyewe. Karatasi nyeusi ya lami ya mapaa ndiyo ya bei ya chini kabisa: unaizungusha, unaipiga stepla, unatoboa milango. Inazuia upepo na hupata joto la jua, kiasi cha nyuki kupata siku moja ya kutoka kujisaidia mwezi Februari. Kuhifadhi joto usiku haifanyi kitu. Koti la sponji linalovalishwa kama soksi hugharimu zaidi, lakini hudumu miaka na huvalishwa kwa dakika moja. Boksi la kadibodi lenye nta, ambalo watu wa Minnesota hulipenda, liko katikati. Utafiti uliofanywa Illinois na kuchapishwa 2022 ulionyesha kwamba makundi yaliyovikwa yalikula kidogo na mengi zaidi yalivuka, kwa hiyo koti si mapambo. Ila livike kundi jepesi lililoliwa na varoa, na umevalisha maiti.

Kuingiza mizinga ndani? Wafugaji wakubwa wa Manitoba na Quebec hufanya hivyo, kwenye maghala ya giza yenye nyuzi 4 au 5 na mafeni ya kutoa hewa chafu. Gereji yako si ghala hilo. Siku moja ya joto mwezi Machi, mwanga unapenya chini ya mlango, na nyuki wanatoka kuufuata wasirudi.

Makundi dhaifu na panya

Kundi lenye fremu tatu za nyuki mwezi Septemba halitavuka Minnesota. Unaweza kulilisha, kulivika na kuliombea, au kuliunganisha na jirani. Unganisha: muue malkia dhaifu, weka gazeti kati ya masanduku mawili, wao watalitafuna kwa siku chache na harufu zitachanganyika. Lakini pima varoa kwanza na uangalie majana, usije ukahamishia ugonjwa kwa kundi zima. Anayekataa kuunganisha kwa sababu alilipia makundi mawili mara nyingi masika humkuta hana hata moja.

Panya hutafuta joto Oktoba. Kibao cha kupunguza mlango hutafunwa. Kibati chenye matundu ya milimita 9 au 10 hakitafunwi na nyuki wanapita. Hakikisha panya hayumo ndani kabla ya kukiweka. Toa pia wavu wa kumzuia malkia: tonge likipanda kufuata asali, malkia hubaki chini peke yake. Inamisha mzinga mbele kidogo maji yatoke. Uingereza ongeza wavu wa kuzuia vigogota, wanaotoboa ubao kufuata nyuki ardhi ikiganda.

Kwa mahali ulipo

Minnesota, Wisconsin, Ontario: masanduku makubwa mawili, fomiki Agosti, shira Septemba, povu juu na kibati cha panya Oktoba, oksaliki na koti Novemba. Hapa koti linalipa.

Leicester, Bristol, Copenhagen: baridi ni ndogo, unyevu ni mwingi. Thimoli Agosti na Septemba, oksaliki Desemba, povu juu, na sakafu ya wavu. Pesa ya koti nunulia fondanti.

Dallas au Houston: hapo hakuna majira ya baridi ya kutisha, ila kuna hatari ya aina yake. Malkia hutaga karibu mwaka mzima, nyuki huruka siku nyingi bila maua ya kutosha, na akiba huisha haraka kuliko ulivyodhani. Fomiki haiwezekani Agosti ya Texas; thimoli hustahimili joto zaidi, au amitrazi kwa kupima kabla na baada. Oksaliki moja ya Desemba haitafagia kama Minnesota, kwa sababu majana yapo. Koti usifikirie.

Masika, ukikuta mzinga umekufa, usisafishe upesi, usome kwanza. Asali tele na nyuki wachache sana, na vidoa vyeupe kwenye dari za vijumba vya majana, ni varoa. Nyuki wengi wamekufa vichwa vikiwa ndani ya vijumba na asali haipo karibu nao, ni njaa, hata kama upande wa pili wa mzinga kuna fremu iliyojaa. Nyuki waliolowa na masega yenye ukungu mara nyingi ni maji ya mfunikoni, ingawa ukungu unaoota baada ya kifo huweza kukudanganya. Masega ya aina hizi tatu hukaushwa na kupewa kundi jipya Aprili. Lakini ukichomeka kijiti kwenye kijumba cha majana kikatoka na ute wa kahawia unaovutika kama uzi na kunuka, huenda ni ule ugonjwa wa majana kuoza: funga mzinga, usihamishe fremu hata moja, na umpigie mkaguzi wa nyuki wa jimbo lako.